Wilbur Wright na Nane Nane yake

Kila ikifika katikati ya Julai hapa Unga Limited simu haitulii. Machalii wa vyuo, machalii wasio wa vyuo, kina mama wa vikundi, wote wanataka mashine iwe tayari kabla ya Nane Nane maana banda kwenye maonyesho ya wakulima kule Themi lishapatikana, na mashine yenyewe bado ni mchoro uliopigwa picha kwenye simu. Mimi nina karakana, nakata bati, nakunja, nachomelea, sijawahi kuvumbua kitu, ila nimekaa na wavumbuzi miaka mingi upande ule wa cheche na nimeona mengi ambayo mwenye wazo mwenyewe haoni. Na ukikaa Arusha vindege vya kwenda Serengeti vinakupita kichwani siku nzima, basi ndo nikaanza kusoma habari za hawa watu wa mwanzo kabisa waliorusha ndege, nikasoma kidogo nikanogewa, nikajikuta nasoma mpaka usiku wa manane.

Sasa sikia hii. Mmarekani Wilbur Wright alirusha ndege mbele ya watu wa Ulaya kwa mara ya kwanza tarehe 8 Agosti 1908, karibu na mji wa Le Mans huko Ufaransa, kwenye uwanja wa mbio za farasi. Nane Nane kabisa! Magazeti ya Ufaransa yalikuwa yameshamwita muongo yeye na mdogo wake Orville, na Wafaransa wenyewe walikuwa na ndege zao zinaruka, kwa hiyo watu walikuja pale kumcheka. Jamaa akapaa, akalaza bawa upande mmoja, akakata kona kama anachora, akazunguka uwanja mara mbili akashuka, jumla dakika moja na sekunde 45 hivi, basi. Wale marubani wa Kifaransa waliokuwepo ndo wakajua hawajui kitu, maana wao kona ilikuwa inawatesa, walikuwa wanageuza ndege ikiwa bapa inateleza pembeni, hawakujua kwamba ndege inatakiwa ilale ili igeuke.

Ukiishia hapo utasema jamaa alikuwa na kipaji na bahati. Ila yule mtu alikuwa anajiandaa na hizo sekunde tangu 1899. Alianza na kishada, yaani tiara kabisa kama za watoto ila cha mabawa mawili, anavuta kamba bawa linajipinda. 1900 yeye na Orville wakatengeneza kubwa la kubeba mtu, halina injini, ndo wanaita glaida, wakaenda nalo Kitty Hawk kwenye pwani ya North Carolina kwa sababu kuna upepo wa uhakika na mchanga laini wa kuangukia. 1901 wakarudi na lingine. 1902 lingine, na hilo la 1902 wakaruka nalo mara mia kadhaa ndani ya wiki chache. Injini ilikuja mwisho kabisa, 1903. Na hata baada ya ile siku maarufu ya tarehe 17 Desemba 1903 ambapo Orville aliruka sekunde 12 na mita kama 37 tu, na Wilbur akafunga mchana na sekunde 59, waliendelea 1904 na 1905 kwenye malisho ya ng'ombe nje ya mji wao wa Dayton, wanaanguka, wanatengeneza, wanaanguka tena, mpaka Oktoba 1905 Wilbur akakaa hewani dakika 39. Kwa hiyo ile Nane Nane ya Ufaransa ilikuwa ni mtu anaonyesha kitu ambacho kwake kilishakuwa cha kawaida.

Sasa mlinganishe na Samuel Langley. Huyu alikuwa mkubwa wa taasisi ya Smithsonian pale Washington, msomi mwenye jina, na jeshi la Marekani lilimpa dola 50,000, hela ya kutisha kwa enzi zile. Ndugu wa Wright walikuwa wanatumia hela ya duka lao la baiskeli, na inakadiriwa kazi nzima mpaka 1903 haikufika hata dola elfu mbili. Langley alikuwa na injini ya nguvu farasi 52, ya akina Wright ilikuwa kama 12, yaani unazungumzia nguvu ya bodaboda ya cc 150, haina plagi, haina pampu ya mafuta, petroli inashuka yenyewe tu kutoka kwenye katenki kadogo juu. Kwa karatasi Langley alishinda asubuhi na mapema.

Na hakuwa mjinga, hilo lazima niseme, maana watu wanapenda kumdharau. 1896 alirusha modeli yake isiyo na mtu, ikaenda karibu kilomita moja juu ya mto Potomac, jambo ambalo hakuna mtu alikuwa amefanya. Tatizo ni hatua aliyofuata. Alichukua ile modeli akaikuza, akaweka injini kubwa, akamweka msaidizi wake Charles Manly juu yake, akairusha kwa springi kutoka juu ya boti mbele ya waandishi wa habari. Manly hajawahi kuruka kitu chochote maishani mwake. Tarehe 7 Oktoba 1903 ikazama, na gazeti la New York Times likaandika kwamba ndege ya kubeba mtu labda ipatikane baada ya miaka milioni moja mpaka milioni kumi. Tarehe 8 Desemba wakajaribu tena ikavunjika hapohapo, Manly akaponea chupuchupu kwenye maji ya baridi. Siku tisa baadaye wale mafundi baiskeli wakaruka.

Mimi nimemwona Langley mara nyingi sana hapa karakana. Anakuja na fleshi ya picha, ana barua ya ufadhili, ana fulana zenye nembo, na anataka mashine kubwa moja kwa moja.

Chukua mashine ya kutotolesha vifaranga, maana hii ndo kila mtu anaileta. Chalii anakuja anataka ya mayai 500, iwe na kioo cha namba, iwe na feni mbili, bati la rangi, mlango wa kioo ili mheshimiwa akipita aone vifaranga vinatoka. Sawa, bati nitakunja. Ila joto sio kazi, joto balbu tu inakupa. Kazi ni kulishikilia lile joto pale kwenye 37.5 au 37.7 usiku na mchana, na kugeuza mayai mara kadhaa kwa siku, na unyevu usishuke, na umeme ukikatika saa nane usiku kule Tengeru kipindi cha baridi ya Julai, je? Namuuliza hivyo, ananiambia hiyo tutaiangalia baadaye. Wakati hiyo ndo mashine yenyewe! Mengine yote ni kabati.

Na hapo ndipo nawaheshimu wale ndugu wawili kuliko kwenye kitu kingine chochote. Watu wote wa enzi zao walikuwa wanawaza nguvu, injini, injini, injini. Wao wakakaa chini wakasema injini itapatikana, mabawa watu wameshayafanyia kazi, kitu ambacho hakuna mwenye jibu ni namna ya kuiongoza ndege ikishakuwa juu. Labda ni kwa sababu walikuwa watu wa baiskeli, maana baiskeli ukisimama nayo inaanguka, inakaa wima kwa sababu wewe unaisahihisha kila sekunde bila kujua, na ukiweka injini kwenye baiskeli ya mtu asiyejua kuendesha unamuua haraka zaidi tu. Kwa hiyo wakaanza na lile gumu ambalo halivutii macho. Hakuna mtu anayekuja kupiga picha na mtu anayevuta kamba za kishada.

Kuna Mjerumani mmoja, Otto Lilienthal, alikuwa injinia, wao walimheshimu sana. Alitengeneza mabawa ya kuvaa akajijengea na kilima chake karibu na Berlin, akaruka kama mara 2,000 hivi, na Agosti 1896 upepo ukamdaka akaanguka akafa. Wilbur alifanya hesabu moja ambayo mimi nikiisoma huwa nasimama kwanza: mara 2,000 zote hizo, kwa miaka mitano, ukijumlisha muda aliokuwa kweli hewani haufiki zaidi ya saa tano. Saa tano! Nani anajifunza kuendesha baiskeli kwa saa moja kwa mwaka, tena kila kosa linaweza kumuua? Kwa hiyo Wilbur akasema tatizo la kwanza ni kupata muda wa mazoezi bila kufa, ndo maana wakatafuta sehemu yenye upepo mkali, ili glaida iwe karibu kusimama palepale juu ya mchanga, chini chini, mtu alale juu yake ajizoeze masaa.

Ukileta hilo kwenye mashine ya vifaranga jibu ni rahisi hata halipendezi kuandika. Yai la kuku linataka siku 21. Mtu aliyekuja kwangu katikati ya Julai, hata nikimkabidhi boksi siku hiyohiyo, ana mzunguko mmoja tu kabla ya Nane Nane, na mzunguko huo anataka ufanyikie Themi mbele ya watu. Sasa jifunze na boksi la mbao la mayai 30 mwezi wa pili, sebuleni kwa mama. Au hata usiweke mayai kabisa, weka chupa za maji na vipimajoto vitatu, kimoja juu kimoja chini kimoja pembeni, washa, zima umeme makusudi usiku, andika kila baada ya lisaa. Wiki moja ya hivyo inagharimu daftari na usingizi. Utajua pembe ya nyuma ina joto na ya mlangoni ina baridi kabla hujaua yai hata moja.

Wao walifanya hivyohivyo. 1901 walirudi nyumbani wamenyong'onyea kweli, maana mabawa yao yalikuwa yanabeba kama theluthi tu ya uzito ambao hesabu zilisema yatabeba. Zile hesabu zilitoka kwa wakubwa, majedwali ya Lilienthal na namba moja ya zamani ya nguvu ya upepo ambayo watu walikuwa wanairithishana tangu karne ya 18 bila kuipima upya. Mtu mwingine angeacha, au angesema sisi ndo wabovu kwa sababu hatujasoma. Hawa wakatengeneza boksi refu la mbao, kama mita moja na themanini, feni upande mmoja, kioo juu cha kuchungulia, wakakata vibawa vidogo vya bati vya maumbo tofauti karibu 200, na mzani wa kupimia wakauunda kwa vipande vya msumeno wa chuma na spoku za baiskeli. Spoku! Ndani ya miezi kama miwili wakawa wanajua habari za mabawa kuliko mtu yeyote duniani, na wakagundua ile namba ya zamani ilikuwa kubwa kupita kiasi. Glaida ya 1902 ikafuata vipimo vyao wenyewe, ikaruka.

Mimi sina elimu ya kubishana na maprofesa, ila nasema hivi, ukiona kwenye mtandao mtu ameandika kausha mahindi kwa joto kadhaa kwa muda kadhaa, huyo hajakausha mahindi ya Karatu wala hajui upepo wa Monduli. Pima ya kwako.

Vyombo vya habari sitakaa navyo sana. Septemba 1904 Wilbur alizungusha ndege duara kamili kwa mara ya kwanza, na aliyeandika habari hiyo kama shuhuda alikuwa mzee Amos Root, mfuga nyuki, kwenye jarida lake la wafuga nyuki, Januari 1905. Magazeti ya Dayton yalikuwa hapohapo mjini. Kwa hiyo wewe ambaye video yako ina watazamaji arobaini, vumilia tu.

Ila kuna sehemu siwafuati hata kidogo, na naona humu mjini ndo sehemu inayoigwa zaidi. Walipoona wameshaweza, Oktoba 1905, wakaifungia ndege ndani. Wakakaa mpaka Mei 1908 bila kuruka hata mara moja, wanaandikia serikali barua kwamba saini mkataba kwanza ndo tuwaonyeshe. Hataza yao, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, ilitoka 1906. Humo katikati Santos-Dumont, Mbrazili wa Paris, akaruka mita 220 hadharani Novemba 1906 na Ulaya nzima ikamshangilia yeye, na baadaye yule bwana kandege kake kadogo ka Demoiselle akaachia michoro bure kabisa, anayetaka atengeneze. Glenn Curtiss, mtengeneza ndege mwingine, naye akaja juu huko Marekani. Kuanzia 1909 akina Wright wakahamia mahakamani, kesi baada ya kesi, Wilbur ndo alikuwa anazunguka na mawakili badala ya kuchora, mpaka akafa kwa homa ya matumbo Mei 1912 akiwa na miaka 45 tu. Mahakama ikawapa ushindi 1914, lakini ndege zao zilishapitwa. Na Marekani ilipoingia vitani 1917 ilibidi serikali isukume makampuni yachangie hataza kwenye kapu moja, na marubani wao wakaenda vitani Ulaya na ndege za Wafaransa na Waingereza. Nchi iliyoanzisha kitu chenyewe!

Sisemi usisajili. BRELA ipo, kasajili. Na kuibiwa wazo Arusha sio hadithi, ukiweka mashine nzuri nje ya duka leo, wiki ijayo kuna nakala yake Ngarenaro bei nusu, nimeshaona, na wakati mwingine nimeletewa mimi nikunje bati la nakala na nikajua kabisa ya nani. Lakini chalii anayenijia na mashine imefunikwa turubai, hataki nione ndani, anataka nichomelee miguu tu nikiwa nimegeuka, huyo hajaibiwa na ameshapoteza, kwa sababu mkulima hajaigusa, fundi hajaikosoa, na yule wa nakala akija atakuta toleo la kwanza tu la kunakili wakati wewe ulitakiwa uwe la nne. Anayeweza kunakili bati hawezi kunakili masaa ya usiku uliyokaa na daftari.

Na hapo kwenye fundi ndo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Ile injini ya 1903, nguvu farasi 12, hawakuitengeneza Wilbur wala Orville. Waliandikia makampuni ya magari wakakosa inayofaa, wakamgeukia fundi wao wa dukani, Charlie Taylor. Kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli na kulinda duka wakiwa safari. Injini za petroli alikuwa hajui zaidi ya kujaribu kukarabati moja ya gari siku za nyuma. Akapewa vichoro vya penseli kwenye vipande vya karatasi. Ana mashine ya kukereza chuma, ana drili, basi. Krenki aliitoa kwenye bamba la chuma, akachora umbo, akatoboa matundu mfululizo kufuata mstari, akagonga vipande vya ziada kwa nyundo na patasi, kilichobaki akakipeleka kwenye mashine akakichonga mpaka kikakaa sawa. Mwili wa injini waliumimina kwa aluminiamu, kitu ambacho wakati ule kilikuwa kigeni. Wiki sita akawa amemaliza. Mimi ninayeandika hapa nimechonga vyuma maisha yangu yote, na nakwambia wiki sita kwa mtu anayeanza na bamba ni kazi ya kumvulia mtu kofia.

Siku ya tarehe 17 Desemba Charlie hakuwepo Kitty Hawk, alikuwa Dayton analinda duka. Kwenye ile picha maarufu hayupo. Orville alipofariki 1948 alimwachia posho ya dola 800 kwa mwaka, ambayo kadiri bei zilivyopanda ikawa haimsaidii kitu. 1955 akakutwa kwenye wodi ya maskini hospitali moja Los Angeles, watu wa viwanda vya ndege ndo wakachangishana kumhamisha, na Januari 1956 akafa.

Nikiangalia mabango ya wabunifu wetu, kuna jina la mwanzilishi, la mshauri, la mfadhili. Mzee wa Majengo kule Moshi aliyehangaika na ile shafti mara tatu mpaka ikaacha kutetemeka hayupo. Mwenye wazo anasema alimlipa. Ni kweli, alimlipa elfu hamsini.

Kwa hiyo mimi siku hizi kazi mpya, kitu ambacho hakijawahi kutengenezwa, naandika karatasi ya ukurasa mmoja. Bei ya kazi ya kwanza nashusha, hata nusu, maana najua tutarudia. Ila tukishafika mashine ya kumi ya kuuza, kila moja inayotoka ina asilimia ya karakana, na jina la karakana linapigwa kwenye bati, dogo tu, nyuma chini. Kuna waliokubali palepale na tunaendelea nao vizuri, mmoja wa mashine ya kupukuchua mahindi tuko toleo la tano. Kuna waliosema fundi umeanza kuwa na tamaa wakaenda kwingine. Wale wa fulana zenye nembo, hasa. Sawa, bati lipo kila mahali.